Darubini na Kioo cha Inchi Kumi na Moja

Nimesoma mahali kwamba watu huchelewa kununua laptopu mpya, ile nyepesi yenye kioo kikubwa, kwa sababu ya bei, au kwa sababu wanangoja toleo lijalo, au kwa sababu ile ya zamani bado inasukuma siku. Nadhani aliyeandika hayo aliwauliza wanunuzi wenyewe, nao wakamjibu. Hapo ndipo alipokosea. Mtu hamwambii mgeni sababu yake ya kweli. Hata mwenzake wa meza moja hamwambii. Mimi nilikaa meza moja na Darubini miaka kumi na moja, nikazisikia sababu zake zote za uongo kabla ya kuipata ile moja ya kweli. Nilipoipata, nikamwangamiza nayo.

Darubini alikuwa msahihishaji wa kurasa katika kiwanda chetu cha uchapaji. Jina hilo alipewa na mafundi wa mashine, kabla mimi sijaajiriwa, siku alipoingia ukumbini, akaitazama kalenda iliyobandikwa ukuta wa mbali kabisa, akasema, "Februari yenu ina siku thelathini." Kalenda elfu mbili zilikuwa tayari zimefungwa, zikafunguliwa. Tangu hapo hata meneja alimwita Darubini, na yeye mwenyewe akipokea simu husema, "Darubini hapa," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo. Mimi aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama yangu mdogo.

Kazi yetu tuliifanya kwa namna ambayo nasikia viwanda vingine vimeiacha. Watu wawili, meza moja. Mmoja anashika karatasi za mwandishi na kusoma kwa sauti, kila kitu, hata alama: penye mkato anagonga meza mara moja, penye nukta mara mbili, penye aya mpya anakwaruza kwa ukucha. Mwenzake anakaa kwenye kioo, anafuatilia ukurasa uliopangwa, na kikitofautiana kitu anasema, "Simama." Msomaji nilikuwa mimi. Kwenye kioo alikuwa Darubini. Ilikuwa hivyo kila siku iendayo kwa Mungu, na kiwanda kizima kilijua ni hivyo. Mume wangu alikuwa akilalamika kwamba hata nikimsimulia habari za mama yake nagonga meza.

Mashine za kuchapia zilikuwa za kiwanda, lakini laptopu kila mtu alikuja na yake. "Kila fundi na nyundo yake," meneja hupenda kusema, hasa anapoombwa nyundo.

Nyundo ya Darubini ilinunuliwa mwaka ambao mwanawe wa pekee aliingia sekondari, na sasa huyo mwana alikuwa mhandisi mwenye kipara. Kioo chake kilikuwa cha inchi kumi na moja na uzito wake ulikuwa wa tofali. Bawaba moja ilivunjika akaifunga kwa plasta ya kidonda, na plasta ilipochakaa alibandika nyingine juu yake, mpaka pale pakavimba kama jino bovu. Betri ilishakufa zamani; ukichomoa waya tu, inakata roho. Aliibeba begani dakika arobaini kwa miguu asubuhi, na arobaini jioni, mpaka bega la kushoto likashuka. Fundi cherehani wake alikuwa anampunguzia nguo upande mmoja, naye alisema ni mtindo.

"Dada, si ununue nyingine?"

"Nangoja toleo lijalo. Wanasema litakuwa jepesi zaidi."

Toleo lijalo likaja.

"Hili limetoka haraka haraka, litakuwa na kasoro. Waache wajinga waonje kwanza."

Wajinga wakaonja, wakasifu. Basi ikawa kioo kikubwa hakiingii kwenye mkoba wake. Nikamnunulia mkoba mkubwa, akautia vitunguu. Ikawa kitu chepesi namna ile kitavunjika siku ya kwanza. Ikawa vidole vyake vimezoea herufi zake, na akizihama atakuwa mgeni mikononi mwake mwenyewe. Kuhusu fedha hakuwahi kusema, maana asingeweza: mwanawe alikuwa amempigia simu mara tatu mbele yangu, sauti ikivuja kwenye spika, "Mama, wewe niambie rangi tu."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nilimwambia.

"Tumbo langu halina neno," akajibu, akageukia kioo. "Soma."

Nilikasirika. Nakiri kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachoniudhi kama mtu mwerevu anayejitesa kwa makusudi. Nikaanza kumtazama badala ya kutazama karatasi. Nikaona pua yake inakaribia kioo mpaka pumzi yake inaacha ukungu. Nikaona anakuza maandishi mpaka nusu ya mstari tu ndiyo inaonekana, kisha anausogeza kwa kidole, kulia, kushoto, kulia. Makosa bado aliyakamata, lakini yalikuwa yale ninayoyasoma mimi kwa sauti: sentensi isiyo na kichwa, tarehe isiyowezekana. Aliyakamata kwa masikio.

Siku moja nikampima. Nikaruka mstari mzima, kwa makusudi, katikati ya kitabu cha kilimo cha darasa la sita. Nikagonga meza mara mbili nikaendelea kama hakuna kitu. Nilingoja aseme simama. Hakusema. Uso wake ulikuwa umeelekea kioo, mtulivu kabisa, na kidole chake kilikuwa kinasogeza.

Mwenye macho haambiwi tazama; yeye hakuwa nayo, na bado sikumwambia lolote. Nilirudi nyuma nikajifanya nimekosea kusoma. Jumamosi nikamkokota dukani.

Muuzaji alikuwa mwanamke mchangamfu, hakutupigia kelele. Alitupatia laptopu ya inchi kumi na saba, rangi ya kijivu, akasema, "Inyanyue, mama, kwa mkono mmoja." Darubini akainyanyua. Akaishusha, akainyanyua tena, mara hii kwa mkono wa bega lililoshuka. Akacheka peke yake. Kisha muuzaji akaiwasha, kwenye kioo pakatokea ukurasa fulani wa habari, wa kuonyesha tu, habari za ujenzi wa barabara. Darubini akausoma. Alisimama wima, kiwiliwili kikiwa mbali na meza, midomo ikicheza kidogo, akasoma mpaka chini, matangazo na tahadhari zote. Miaka mingi sikuwa nimemwona akisoma amenyoosha mgongo. Alipomaliza aliirudisha juu ya meza polepole.

"Twende," akasema.

Tulikaa kwenye ngazi za nje ya duka. Nikamuuliza, safari hii ni sababu gani? Inang'aa sana? Haina plasta?

"Mdogo wangu, unajua kiti ninachokalia kilikuwa cha nani?"

Nilikuwa nasikia tu kwamba zamani palikuwa na mzee mmoja, wakimwita Mzee Wino.

"Alikuwa bora kuliko mimi. Siku moja akaleta lenzi ya kukuzia, akaiweka mezani. Hajakosea kitu, hajalalamikiwa na mtu. Lenzi tu. Meneja akapita akaiona. Mwezi haukuisha, Mzee Wino yuko stoo anafunga vifurushi kwa kamba, na mimi nimepewa kiti chake kikiwa bado cha moto." Alikuwa anasugua bega. "Alikuwa ananisalimia kila nikipita, na mimi naharakisha. Sasa mimi nikiingia pale na kioo kikubwa kama mlango, mimi, Darubini, nitakuwa nimesema nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Ile laptopu mpya ilikuwa barua ya kukiri, na kila mwaka alikataa kuitia sahihi. Alibakiza miaka minne astaafu. Alitaka kutoka pale akiwa kwenye kiti, akiitwa jina lake. Afe na tai shingoni, kama wasemavyo.

Nilimwonea huruma, na huruma yangu nayo ina papara. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Utakosa kitu kikubwa, ndipo watajua. Nunua. Tutasema mwanao amekuletea zawadi. Nani atauliza? Na akiuliza, mimi nipo."

"Utasimama na mimi?"

"Nitasimama."

Akainuka, akakung'uta gauni. "Basi nitafutie wewe. Nataka kioo kisichong'aa, taa ya juu ya meza inaniua. Isizidi kilo moja na nusu. Mimi maelezo yao siwezi kuyasoma, yameandikwa kwa ajili ya sisimizi."

Jumanne iliyofuata kiwanda kikapokea kitabu cha mahafali ya chuo kimoja: wahitimu mia mbili na arobaini, kila mmoja na picha yake, chini yake jina na shahada. Kazi nyepesi. Darubini alikuwa ameamka na macho mekundu.

"Leo tubadilishane," akasema. "Hayo majina yamechapwa makubwa, nitayasoma mimi. Wewe njoo kwenye kioo."

Nikakaa kwenye kiti chake. Alisoma vizuri, kwa sauti nene, akigonga meza kwa kifundo cha kidole, na nilifurahi kumsikiliza. Na mimi, kwenye ile laptopu yenye plasta, nilifungua dirisha la pili nikaanza kumtafutia laptopu. Kilo moja na gramu mia tatu. Kioo kisichong'aa. Maoni ya wanunuzi, wengine wakisema walingoja miaka mitatu, wanajuta. Kioo cha inchi kumi na moja hakibebi madirisha mawili; maoni ya wanunuzi yalikuwa yamekalia picha za wahitimu. Majina nilikuwa nayaona chini kwa chini. Kila aliposoma jina nikasema, "Sawa." Nilisema sawa mara mia mbili na arobaini.

Mwishoni tukaitia sahihi ile karatasi ya kupitisha kazi, yangu na yake, kama kawaida. Karatasi ile haina mahali pa kuandika nani alikuwa anasoma na nani alikuwa kwenye kioo. Haijawahi kuhitajika.

Laptopu ilifika baada ya wiki tatu. Aliingia nayo Jumatatu, imelala kwenye mkoba niliomnunulia, ambao bado ulinuka vitunguu. Akaiweka mezani kwa wasiwasi kama mtu aliyeingia na mtoto mahali palipokatazwa watoto. Siku tatu za kwanza zilikuwa nzuri, na nazitaja kwa sababu ni zake. Alikaa amenyoosha mgongo. Alinisimamisha mara kumi na tisa katika ukurasa mmoja, nikataka kumpiga na karatasi. "Kumbe herufi bado zina miguu," akasema. Saa sita alikula na mafundi, akawatania kama zamani. Walipouliza kuhusu ile laptopu, nikadakia mimi: mwanawe kamletea. Wakaipapasa, wakaisifu, wakarudi kwenye mashine zao.

Alhamisi akaja baba wa mhitimu mmoja.

Tulimsikia kutoka chini. Alikuwa anasema kwamba binti yake amekesha miaka minne, na sasa kitabu kimetoka, watu wa familia nzima wamenunua nakala, na juu ya jina la binti yake kuna mwanamume mwenye ndevu. Binti mwenyewe alikuwa kurasa sita mbele, anatabasamu juu ya jina la huyo mwanamume.

Meneja alipanda ngazi na kitabu mkononi. Hakuwa amekasirika, ningependa angekuwa amekasirika. Alikifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye zile ndevu.

"Hizi hata kipofu angezipapasa," akasema. Kisha ndipo akaiona ile laptopu. Nilimwona akiipima kwa macho, pembe hadi pembe.

"Hii imekuja lini?"

"Jumatatu," Darubini akasema.

"Inchi ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumbe." Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo huwa halifanyi. "Darubini, macho yameanza lini?"

Akasugua bega. Meneja akanigeukia mimi, kwa upole, kama anayemhurumia shahidi. "Wewe ulikuwa unasoma, siyo?"

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Siku ile tulibadilishana. Maneno matatu, hata mkato hayahitaji. Nikafikiria stoo. Nikafikiria mume wangu ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha mwezi ule, watoto wawili, umri wangu. Nayasema haya si kwa kujitetea. Kila mwoga ana watoto wawili.

"Huwa nasoma mimi, bosi," nikasema.

Kila neno la sentensi ile ni kweli. Nimeipitia mara nyingi, kama msahihishaji, haina kosa hata moja.

Darubini alinitazama. Alitulia muda kama wa kugonga meza mara mbili, wa mtu anayengoja mwenzake amalizie. Mimi nikaziangalia zile ndevu. Basi akageuka kwa meneja.

"Macho ni yangu," akasema. "Yana miaka mitatu."

Hakufukuzwa. Meneja ana roho nzuri, alisema mwenyewe. Jumatatu Darubini alianza kazi stoo, chumba kisicho na dirisha nyuma ya mashine ya kukatia, akifunga vifurushi vya vitabu kwa kamba, hamsini hamsini, amesimama kutwa. Miguu ilianza kuvimba wiki ya kwanza. Mafundi wa mashine waliacha kumwita Darubini. Hakuna aliyewaambia, waliona haifai tena, wakaanza kumwita mama, kwa heshima tupu. Heshima ile ilimchoma kuliko kamba.

Mimi nilipewa kiti chake. Ile laptopu ya zamani alikuwa ameiacha mezani, na yangu ilikuwa mbovu zaidi, kwa hiyo nikaanza kuitumia. Mlango wa stoo uko kwenye njia ya kuendea chooni. Kwa wiki tatu nilijifunza kubana haja.

Mwishowe nikateremka na vikombe viwili vya chai. Alikuwa anakaza fundo kwa meno. Nikamwambia kila kitu: dirisha la pili, maoni ya wanunuzi, sawa mia mbili na arobaini. Nililia. Aliniacha nikalia huku akikata kamba nyingine.

"Mdogo wangu, siku ile nilikuwa nasoma mimi," akasema. "Unadhani sauti yangu siijui?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikuomba ukae kwenye kioo kwa sababu sioni? Ningefika hapa hapa." Akakaza fundo. "Ila ningefika na mtu. Nilingoja useme wewe. Uliahidi utasimama."

Nikamsogezea kikombe chake. Alikunywa chai yake, maana si mtu wa kususia chai. Kisha akainama chini ya meza ya kufungia, akatoa ule mkoba, laptopu ikiwa ndani.

"Chukua. Huku sina cha kusoma, vitabu nahesabu kwa kidole, na nyumbani mwanangu kaninunulia televisheni kama ukuta. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu."

"Basi una kama mitano hivi."

Nilikataa, akauweka mkoba mikononi mwangu akarudi kwenye kamba zake. Ulikuwa mwepesi kweli. Nilitamani uwe na uzito.

Darubini aliacha kazi mwaka uliofuata, kwa ajili ya miguu, miaka mitatu kabla ya wakati. Siku hiyo mafundi walimpa kanga na sabuni, wakamwita mama tena. Huwa nampigia simu. Hupokea, husema, "Haloo," basi.

Majuto ni mjukuu, nami wa kwangu amekua sasa. Miaka mitano ile aliyonipa imebakiza miezi michache, na alikuwa na hesabu nzuri. Kwanza ilikuwa nukta. Zikaanza kuwa kama vumbi, nafuta kioo kwa kitambaa na haziondoki. Sasa nakuza maandishi mpaka nusu ya mstari, nasogeza kwa kidole, kulia, kushoto. Laptopu ya inchi kumi na saba iko kabatini nyumbani, chini ya mashuka. Jumapili huitoa nikasoma chochote, nimenyoosha mgongo, kisha nikairudisha. Kiwandani naenda na ile ya plasta. Bega langu la kushoto fundi cherehani amelisema tayari.

Msomaji wangu siku hizi ni shemeji yake meneja, mwanamke mwenye adabu na macho makali, ananiita dada. Juzi tulikuwa tunapitia kitabu cha sayansi. Alisoma, akagonga meza mara mbili, akasoma tena, kisha akanyamaza. Nilipoinua uso nikamkuta ananitazama, karatasi ziko mapajani. Alinitazama kwa muda mrefu, na namna ile ya kutazama naijua, maana niliwahi kuwa nayo.

"Dada," akasema taratibu, "si ununue zile laptopu mpya, nyepesi, zenye kioo kikubwa?"

Nikajua ameruka mstari.

"Nangoja toleo lijalo," nikamwambia. "Soma."